Kabla ya kuchangia jezi, tuulize kanuni

Zilibaki dakika chache mechi iishe, na pande zote mbili za mpaka zilikuwa zinashangilia kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinaongoza. Sitanii. Nilishuhudia haya Namanga, Jumamosi moja ya kiangazi, katika uwanja wa shule wenye kikapu kimoja na vumbi la kutosha. Vijana watatu wa upande wa Kenya walikuwa wanacheza na watatu wa upande wa Tanzania. Pembeni ziliwekwa meza mbili, kila moja na daftari lake. Daftari la kwanza lilisema 15 kwa 14, Wakenya mbele. Daftari la pili lilisema 9 kwa 8, Watanzania mbele.

Baadaye, vumbi lilipotulia, niliyaomba madaftari yote mawili nikakaa nayo chini ya mti. Hakuna aliyeiba hata pointi moja. Vijana wa Kenya walikuwa wamefunga mara sita kutoka karibu na mara moja kutoka mbali. Wa Tanzania walikuwa wamefunga mara moja kutoka karibu na mara nne kutoka mbali. Meza ya kwanza ilihesabu kama kikapu cha watu watano kinavyohesabiwa, pointi mbili za karibu na tatu za mbali. Meza ya pili ilihesabu moja na mbili. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyezoea kubadilisha shilingi hizi kwa zile ukiwa umesimama juani, utaona kwamba madaftari yote yalikuwa sahihi kwa kipimo chake.

Meza ya kwanza ndiyo iliyokosea. Lakini kabla Watanzania hawajafurahi, ni wao walioshikilia kwamba anayefunga anaendelea kuwa na mpira, jambo ambalo halimo katika kanuni za mchezo huu. Kwa hiyo kila upande ulikuja na kosa lake, na kila upande ulikuwa tayari kulipigania. Zilianza kelele, ukafuata msukumano, jiwe moja likarushwa na mtu ambaye hadi leo hajulikani, na mwenye mpira akauchukua mpira wake akaondoka. Jezi mpya zilirudi zilikotoka kabla jua halijazama. Mashindano yaliyotangazwa kuwa ya ujirani mwema yakaishia hapo, nusu ya mechi ya tatu.

Pesa za jezi zile na zawadi zilitoka kwenu, wafanyabiashara. Mama mmoja anayenunua vitunguu upande wa Tanzania na kuvipeleka Kenya alikuwa miongoni mwa waliochanga. Nilimkuta jioni akikunja maturubai, nikamwambia, "Pole, Mama, kwa yaliyotokea." Akanijibu bila kuniangalia: "Mwanangu, hawa watoto wamepima kwa lumbesa na kwa kilo, halafu wakataka bei iwe moja."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Kila anayenunua mazao shambani anajua lumbesa ni nini: gunia linashonewa kilemba, mkulima anahesabu ni gunia moja, mnunuzi anajua ni gunia na nusu, na ugomvi unaanza kwenye mzani. Pale uwanjani lumbesa ilikuwa ndani ya daftari.

Naandika haya kwa sababu najua mtaombwa tena. Mashindano ya vijana wa mpakani hayaishi, na bahasha za michango huanzia sokoni. Ombi langu ni kwamba safari ijayo, kabla hujauliza jezi ni za rangi gani, uulize kanuni ziko wapi. Omba uione karatasi. Kama waandaaji hawana karatasi moja inayokubaliwa na pande zote mbili, usitoe hata mia.

Wengine wataona ni jambo dogo. Kwa anayeishi mpakani si dogo. Watoto wenu wanakua katika miji ambamo kazi rahisi kuliko zote kwa kijana wa miaka 15 ni kubeba mzigo wa mtu usiku kupitia njia ya panya. Analipwa siku hiyo hiyo, haulizwi cheti, na akikamatwa mwenye mzigo hamjui. Nimeripoti habari za mipaka ya ukanda huu kwa miaka kadhaa na nimewaona wengi wa aina hiyo. Kikapu kimoja kwenye uwanja wa shule hakitamaliza biashara hiyo, lakini saa mbili za jioni ambazo kijana ana mahali pa kuwa, tena na wenzake wa upande wa pili, ni saa mbili ambazo hayupo kwenye kona ya wasafirishaji. Mashindano yakivunjika kwa mawe, kona ile inampata tena, na safari hii akiwa na kinyongo na watu wa ng'ambo.

Tuziangalie basi kanuni zenyewe, maana nyingi zinaweza kuelezwa kati ya foleni ya uhamiaji na foleni ya forodha.

Mchezo wenyewe ni mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu, unaoandikwa 3x3. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, FIBA, ndilo linalotunza kanuni zake, na nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni wanachama wa shirikisho hilo, kuanzia Kenya hadi Somalia. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Vijana kule Singapore mwaka 2010, kisha ukaingia Olimpiki kubwa katika michezo ya Tokyo iliyochezwa 2021. Mwaka 2019 Kampala iliandaa Kombe la Afrika la mchezo huu, na mwaka 2022 Kenya ilipeleka timu za wanaume na wanawake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Kwa hiyo mtu asikwambie ni mchezo wa mtaani usio na wenyewe. Ulianzia mtaani, ni kweli, ila siku hizi una kitabu.

Uwanja ni nusu tu ya ule wa kawaida: upana mita 15, urefu mita 11, kikapu kimoja. Kitabu chenyewe kinaruhusu mchezo wa ngazi ya chini kuchezwa popote, na mistari kurekebishwa kulingana na nafasi iliyopo. Maegesho ya malori yakiwa matupu Jumapili yanatosha. Timu ina wachezaji wanne, watatu ndani na mmoja wa akiba. Watu wanane na mpira mmoja, mechi imekamilika. Linganisha na gharama ya kusafirisha timu mbili za soka na benchi zao.

Mpira unaotumika rasmi una umbo la namba 6 lakini uzito wa namba 7. Hilo lisiwanyime usingizi. Kwa watoto wanaoanza, mpira wowote wa kikapu wenye upepo unafaa.

Sasa pointi, ambazo ndizo zilizotuvunjia mashindano. Mbele ya kikapu kuna mstari uliopinda, nitauita tao, ulio umbali wa mita 6.75 kutoka chini ya kikapu. Ukifunga ukiwa ndani ya tao unapata pointi moja. Ukifunga ukiwa nje ya tao unapata mbili. Mtupo huru ukiingia ni pointi moja. Hakuna tatu mahali popote. Mfungaji wa mbali analipwa mara mbili ya mfungaji wa karibu, tofauti na kikapu cha watano ambako analipwa mara moja na nusu, na ndiyo maana ukibadilisha kipimo unabadilisha mshindi. Yule kijana wa Kitanzania aliyefunga kutoka mbali mara nyingi alikuwa amejifunza mchezo kwa hesabu hiyo. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Mechi huchezwa dakika 10, na saa husimama mpira unapokuwa umekufa au mtupo huru unapopigwa. Lakini timu ikifikisha pointi 21 kabla ya dakika hizo, mechi imekwisha hapo hapo. Dakika zikiisha kwa sare kunaongezwa muda, na wa kwanza kupata pointi mbili katika muda huo ndiye mshindi. Fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 iliamuliwa hivyo: Uholanzi na Ufaransa zilikwenda muda wa nyongeza, Worthy de Jong wa Uholanzi akarusha kutoka nje ya tao, 18 kwa 17, na Wafaransa wakanyamaza katika mji wao wenyewe. Hakuna aliyerusha jiwe, kwa sababu kila mtu uwanjani alijua mpira ule una thamani gani kabla haujaingia.

Nani anaanza na mpira? Hurushwa shilingi. Anayeshinda anachagua: achukue mpira sasa, au auache sasa ili aupate muda wa nyongeza ukitokea. Nawapenda waliotunga kanuni hii, nadhani walikuwa wafanyabiashara. Ni uamuzi wa kuchukua fedha taslimu leo au kuweka akiba kwa siku ambayo huna hakika itafika.

Baada ya hapo inakuja kanuni ambayo vijana wetu wa pande zote hawaijui vizuri, nayo ndiyo roho ya mchezo. Timu ikifunga, mpira unakwenda kwa waliofungwa, mara moja. Waliofungwa hawatoki nje ya mstari kama kwenye kikapu cha watano. Mmoja wao anauchukua pale pale chini ya kikapu, anaudunda au anatoa pasi hadi nje ya tao, kisha wanaanza kushambulia. Akiwa katika kile kinusu duara kidogo cha chini ya kikapu haruhusiwi kuporwa. Aliyefunga hapewi mpira tena kama zawadi. Ile desturi ya "nimefunga, naendelea" ni ya mtaani, ina utamu wake, nami nimeicheza sana nikiwa shule. Lakini fikiria watoto wadogo wakikutana na timu yenye mrefu mmoja: watasimama dakika 10 wakimwangalia anafunga. Kanuni rasmi inawapa mpira kila wanapofungwa. Hakuna anayefungwa akabaki mtazamaji.

Mpira usipoingia, mambo ni mawili. Aliyerusha au mwenzake akiudaka, wanaweza kurusha tena bila kutoka popote. Wapinzani wakiudaka, au wakiupora, au wakiuzuia, lazima kwanza wautoe nje ya tao, kwa kuudunda au kwa pasi, ndipo washambulie. Mchezaji anahesabiwa yuko nje pale tu ambapo hakuna mguu wake hata mmoja uliokanyaga mstari au ulio ndani. Hapa ndipo waamuzi wetu wa kujitolea wanapopata tabu. Mguu mmoja nje, mwingine juu ya chokaa, kijana anageuka anafunga, na nusu ya watazamaji wanaruka. Hilo si goli. Kama chokaa imefutika, mwamuzi naye anakisia, na mwamuzi anayekisia mpakani ataambiwa amependelea kwao. Chokeni kila kitu kingine lakini msichoke kurudia kupaka chokaa.

Mpira ukifa, kwa faulo au kwa kutoka nje, mchezo unaanzia nje ya tao mbele ya kikapu. Mlinzi anampa mshambuliaji mpira mkononi, mchezo unaendelea. Kitendo hicho cha kukabidhiana mpira kinachukua sekunde moja, na kinawalazimisha watu wawili waliokuwa wanasukumana kuangaliana usoni. Wawili wakishikilia mpira kwa pamoja, unakuwa wa timu iliyokuwa inalinda.

Timu ina sekunde 12 tu za kurusha. Mnaokumbuka kikapu cha watano, kule ni 24. Kuchelewesha mchezo kwa makusudi ni kosa.

Faulo. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana hapa ndipo ngumi zinapoanzia. Katika mchezo huu mchezaji hatolewi kwa kufikisha idadi fulani ya faulo za kawaida zake binafsi. Zinazohesabiwa ni za timu. Ukimchezea mtu faulo akiwa anarusha ndani ya tao na mpira usiingie, anapewa mtupo mmoja. Akiwa nje ya tao, miwili. Ukiingia licha ya faulo, pointi zinahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja. Timu ikishafikisha faulo sita, inakuwa na deni: ya saba, ya nane na ya tisa zinawapa wapinzani mitupo miwili kila moja, hata kama aliyefanyiwa hakuwa anarusha. Kuanzia ya 10, mitupo miwili na mpira unabaki kwao. Faulo zisizo za kiuanamichezo zina adhabu yake kali zaidi, na mchezaji anayezirudia anatolewa. Kwa hiyo daftari la mezani linapaswa kuwa na sehemu mbili, pointi na faulo za timu. Katika yale madaftari mawili ya Namanga hakuna hata moja lililoandika faulo.

Kubadilisha mchezaji hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mpira ukiwa umekufa, anayetoka anatoka, anamgusa mwenzake nyuma ya mstari wa mwisho ulio mkabala na kikapu, na yule anaingia. Kila timu ina pumziko moja la sekunde 30. Na timu ambayo saa ya mechi ikifika haina wachezaji watatu tayari uwanjani, imepoteza mechi. Hilo la mwisho liangalieni vizuri, maana kwenye mipaka yetu timu inaweza kuchelewa kwa sababu ya karatasi za kuvukia, hasa za watoto. Waandaaji wenye busara watashughulikia karatasi hizo siku moja kabla.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile inayomweka kocha mbali. Wakati wa mechi kocha haruhusiwi uwanjani, wala kuelekeza kutoka kwa watazamaji. Watoto watatu wanajipanga wenyewe, wanakosea wenyewe, wanasahihishana wenyewe. Nimeona wazazi wetu kwenye mistari ya pembeni, mikono juu, mishipa ya shingo imetoka, kila mmoja na maelekezo yake. Namanga, jiwe lilitanguliwa na robo saa ya watu wazima kupiga kelele. Watoto walikuwa bado wanazungumza.

Kwa walio chini ya miaka 12, kitabu kimelegezwa, na huko ndiko ningetaka fedha zenu ziende kwanza. Kikapu kinaweza kushushwa hadi mita 2.60 badala ya 3.05 za kawaida. Saa ya kurusha haitumiki. Kama watoto hawashambulii, mwamuzi anawaonya kwa kuhesabu sekunde tano za mwisho. Deni la faulo za timu halipo. Faulo ya kawaida inafuatwa na kukabidhiana mpira tu, isipokuwa aliyefanyiwa alikuwa anarusha au faulo ni ya ukatili. Hakuna pumziko. Sare ikitokea, anayefunga kwanza ameshinda. Fundi wa kuchomelea vyuma anayetengeneza mageti pale stendi anaweza kutengeneza nguzo yenye kikapu kinachopanda na kushuka.

Kuna pingamizi tatu nilizozisikia, na mbili zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba vijana wetu ni wa soka. Sawa, na wacheze soka. Lakini uwanja wa soka mpakani ni ardhi ambayo kila mtu anaitaka kujenga vibanda, na timu ya soka inahitaji kijana 11 kutoka kila upande wavuke siku moja. Watatu kwa watatu wanaweza kuvuka na bajaji moja. Tena ni rahisi kwa wasichana: wanne tu wakipatikana, kuna timu, na hawahitaji kusubiri wavulana watoke uwanjani jioni imeshaingia.

Ya pili ni kwamba kanuni hizi zimetungwa Ulaya na hazitujui. Sioni uzito wake. Lugha ya mizani nayo haikutungwa Longido wala Kajiado, lakini kilo ni kilo pande zote, na ndiyo maana mama wa vitunguu anaitaka. Kinachotufaa hapa ni kwamba kanuni si ya Kenya wala ya Tanzania. Hakuna upande unaoweza kusema, "Kwetu tunacheza hivi."

Ya tatu ni ya kweli kabisa: karatasi yenyewe ni ya Kiingereza. Nilipoulizia Namanga, mwalimu mmoja alinionyesha nakala iliyobandikwa ukutani ofisini, imepauka, haijasomwa na mtoto yeyote. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya yetu sasa, mikutano inafunguliwa nacho na hotuba zinapambwa nacho, lakini karatasi ambayo mtoto wa darasa la sita anaihitaji ili asipigane na jirani yake haiko katika lugha hiyo. Vyama vya mpira wa kikapu vya nchi zetu vikikaa siku moja tu vinaweza kukubaliana tafsiri moja, na maneno yale yale yakatumika Busia, Mutukula, Holili na Kabanga. Si kazi ya mradi wa miaka mitano.

Hadithi hii mnaijua kutoka kwenye kazi zenu wenyewe. Upo utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha, zinazozalishwa katika nchi zetu, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, unapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Ni kanuni nzuri. Lakini nenda mpaka wowote asubuhi uhesabu ni wangapi wanampa dalali pesa awavushie mzigo ambao kanuni inaruhusu uvuke kwa cheti hicho. Hawana makosa; hakuna aliyewasomea kanuni kwa lugha wanayoielewa, na anayeijua peke yake anaiuza. Uwanjani ni vivyo hivyo. Pale ambapo kanuni inajulikana na watu wawili tu, mmoja wa kila upande, wale wawili ndio wanaoamua nani ameshinda.

Kwa hiyo mtakapofuatwa na bahasha, ulizeni. Karatasi ya kanuni iko wapi, na iko kwa Kiswahili? Meza ni moja au mbili? Iwe moja, daftari moja, na waandishi wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja wa kila upande, kila mmoja akisaini kila robo ya ukurasa. Waamuzi ni akina nani, na walisoma karatasi lini? Watoto walisomewa kanuni kabla ya mechi ya kwanza, wote wamekaa pamoja, si kila timu kwao? Saa ya mezani ni ipi? Msishangae swali hilo; kuna mashindano yaliyoendeshwa kwa simu iliyozimika chaji.

Jezi ziwe za mwisho. Fulana za mitumba za rangi mbili zinatosha kabisa.

Nilirudi Namanga wiki kadhaa baadaye kwa habari nyingine, ya malori. Nikapita shuleni. Mwalimu na vijana sita, watatu wa huku na watatu wa kule, walikuwa wanachora tao upya. Hawakuwa na kifaa cha kupimia zaidi ya futi ya fundi cherehani, kwa hiyo walipima mita 6.75 kwenye kamba, wakafunga fundo, mmoja akashika mwisho wa kamba chini ya kikapu na mwingine akazunguka na chokaa. Kamba ilikuwa ile ya kufungia magunia, na ilitoka kwa mama wa vitunguu. Nilimuuliza kama atachangia tena. Akasema ameshatoa kamba, na fedha itafuata akiona daftari liko moja.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake, na ambalo kitabu cha FIBA hakisemi: ile shilingi ya kurushwa kabla ya mechi, itakuwa ya Kenya au ya Tanzania?